Nani Aseme Basi? Mabembea Yaliyostaafu na Chuma Kinachochoka

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya vijana wanaosomea uchomeleaji na umakanika, Nyakato, Mwanza. Waliokosa nafasi ukumbini waliomba yaandikwe. Nimeyaacha yalivyo, ila nimepunguza vicheko na kikohozi changu.

Mwangaluka! Na nyie mliosema shikamoo, marahaba wanangu. Walimu, mafundi wenzangu, na wewe kijana uliyekuja na glovu mfukoni utadhani tunaanza kazi sasa hivi, asanteni kwa kunipokea.

Kabla sijasema lolote, chukueni hiki chuma. Ni kipande cha spoki ya gurudumu la bembea, lile linaloinua watoto juu kwenye maonyesho. Kimelala usiku kucha ndani ya kopo la mafuta ya taa, asubuhi nimekipangusa. Mikono yenu itanuka mpaka jioni, mtanisamehe. Kina ufa. Kipitisheni taratibu, kila mmoja aukague. Atakayeuona asiseme, akariri tu ulipo, ampe jirani yake.

Mwalimu aliyenialika alitaka nizungumzie usalama. Nikamwambia nitausema, lakini nitaingilia mlango wa uani: nitazungumzia mabembea yaliyostaafu. Mtu akistaafu anapikiwa pilau, anapewa mabati, wanasoma risala. Bembea ikistaafu hakuna hata anayeuliza. Na huku kwetu mara nyingi haistaafu. Inahamia Kahama.

Mnacheka kwa sababu mnaijua.

Sasa, katika kila hadithi nitakayowapa leo, niulizeni swali moja. Nani alisema basi, na aliposema alikuwa ameshika nini mkononi?

Tuanze na babu wa magurudumu yote. Mwaka 1893 mji wa Chicago, Marekani, ulifanya maonyesho makubwa ya dunia. Wafaransa walikuwa wameshawatambia watu kwa mnara wao wa Eiffel, wa mwaka 1889, na Wamarekani wakatafuta kitu cha kujibu. Mhandisi wa madaraja, George Ferris, akaja na gurudumu la chuma lenye kimo cha mita 80. Lilikuwa na vibanda 36, kila kimoja kinabeba watu 60. Pigeni hesabu wenyewe: watu 2,160 angani kwa mkupuo mmoja. Ekseli yake peke yake ilikuwa na urefu wa karibu mita 14 na uzito wa zaidi ya tani 40. Mimi nimefungua shafti za meli hapa bandarini, najua kuinua tani 2 kwa winchi kunavyotoa jasho. Tani 40, mwaka 1893, kwa mashine za mvuke! Nikiwaza hivyo huwa nasimama kidogo.

Maonyesho yalipokwisha gurudumu likabaki linadaiwa. Ferris alifariki mwaka 1896, ana miaka 37 tu. Gurudumu lilikuwa limeshafunguliwa na kujengwa upya mtaa mwingine wa Chicago, biashara ikasuasua, mwaka 1903 likapigwa mnada na kuchukuliwa na kampuni ya kubomoa majengo kwa dola 1,800. Bei ya chuma chakavu. Wakalipeleka St. Louis kwa maonyesho ya 1904, likazungusha watu tena, na Mei 1906 wakalilipua kwa baruti. Ile ekseli watu wanabishania mpaka leo, wengine wanadai ilizikwa palepale bustanini. Fundi yeyote atawaambia kuwa chuma cha tani 40 hakipotei kama sindano, lakini hadithi ni tamu, tuiache.

Nani alisema basi? Mwenye mnada. Alikuwa ameshika nyundo ya mbao, na chuma hakikuulizwa hali yake.

Miaka minne baada ya lile la Chicago, Vienna huko Austria walijenga la kwao, mwaka 1897. Hilo lipo mpaka leo na watu wanalipanda. Lilishatolewa kibali cha kubomolewa mwaka 1916, likapona kwa kuwa hapakuwa na fedha za kulibomoa. Umaskini nao una siku zake za kuokoa. Lakini nalileta hapa kwa jambo jingine. Mwaka 1944 liliungua kwenye vita. Walipolitengeneza upya, gurudumu lililokuwa na vibanda 30 wakalirudishia 15. Nusu! Kila kibanda cha pili kikaachwa nje, kwa sababu chuma kilichopita motoni hakiaminiki kama zamani. Hebu fikirieni mwenye bembea wa kwetu, umwambie: bosi, viti vilikuwa 16, kuanzia leo weka 8. Atakuuliza umetumwa na nani. Kumbe kulipunguzia mzee mzigo nako ni kustaafisha, na hao wa Vienna wamekula matunda yake kwa miaka mingi.

Kipande kimefika wapi? Mstari wa tatu. Msikikwaruze kwa ukucha, kiangalieni kwa kukiinamisha dirishani.

Nije kwenye maziwa, maana sisi ni watu wa ziwa. Upande wa Canada wa Ziwa Erie kulikuwa na bustani ya burudani iitwayo Crystal Beach. Mwaka 1927 wakafungua rolakosta, yaani treni ya wazi inayopandishwa mlima wa chuma kisha inaachiwa iserereke yenyewe kwa uzito wake. Hiyo waliiita Cyclone. Ilikuwa na kona za kinyama kiasi kwamba bustani iliweka muuguzi kwenye stesheni yake, awahudumie waliozimia. Na watu walipanga foleni! Wengi, nadhani, walikuja kuwatazama wengine wakishuka wamepauka. Kilichowashinda wenyewe ni chuma. Kila treni ikipita kwenye kona, njia ilisukumwa kwa nguvu ile ile, mahali pale pale, na mafundi walikuwa wanairekebisha bila kupumzika. Abiria wakapungua, gharama zikabaki juu. Mwaka 1946 wakafunga.

Hapa ndipo ninapopapenda. Sehemu ya chuma chake ilitumika kujengea rolakosta nyingine, Comet, iliyofunguliwa mwaka 1948, kwa mchoro mpya na kona zenye huruma. Bustani yenyewe ilifungwa 1989. Comet ikanunuliwa, ikafunguliwa vipande, na mwaka 1994 ikaanza kazi tena Lake George, jimbo la New York. Kwa hiyo kuna chuma kilichotikisa watu mwaka 1927 ambacho kimefanya kazi kwenye maumbo mawili na nchi mbili. Sipingi kuhamisha chuma. Nakumbusha tu kwamba pale kilihama pamoja na mchoro wake, kila kipande kinajulikana kilitoka wapi na kinakwenda kubeba nini.

Ng'ambo ya lile Ziwa Erie, upande wa Marekani, kuna Cedar Point. Ni rasi iliyoingia majini kama Capri Point yetu ilivyoingia Victoria. Mwaka 2003 walisimamisha Top Thrill Dragster, kimo mita 128. Hiyo haikupandishwa taratibu kwa mnyororo. Ilivutwa kwa kebo na mitambo ya mafuta yenye mgandamizo, ikafika kilomita 193 kwa saa ndani ya sekunde chache, ikapanda wima, ikapinduka kileleni, ikateremka. Safari nzima unaimaliza kabla hujamaliza kumsalimia mama mkwe. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni kikampiga mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni, akaumia vibaya. Angalieni hapo: kwenye foleni. Hakuwa hata amepanda. Mashine ikafungwa, na Septemba 2022 wenyewe wakatangaza kwamba kwa namna ile imestaafu. Wakaja na mfumo mwingine wa kuisukuma kwa sumaku za umeme, wakafungua Mei 2024, na baada ya siku chache tu wakafunga tena kwa matatizo ya treni mpya. Imerudi mwaka 2025.

Mdogo wake aliyemzidi kimo, Kingda Ka wa New Jersey, alizaliwa 2005 akiwa na mita 139, rolakosta iliyokwenda juu kuliko zote duniani wakati huo. Februari 2025 aliangushwa kwa baruti, kama lile gurudumu la Ferris. Miaka 20 tu. Kuna matrekta Misungwi yana umri mara mbili ya huo na bado yanalima. Kasi ndiyo inayokula umri. Chuma hakihesabu miaka kama sisi, kinahesabu mara ngapi kimesukumwa na kwa nguvu gani.

Niwaonyeshe kwa kitu chenu. Gurudumu dogo la maonyesho, lenye spoki ngumu za bomba. Kiti kikiwa chini, spoki yake inavutwa. Kikifika juu, spoki ile ile inagandamizwa. Vuta, gandamiza, vuta, gandamiza. Likizunguka mara 5 kwa dakika, kwa saa 6 za kazi, hiyo ni mara 1,800 kwa siku. Siku 100 za maonyesho, mara 180,000. Mmeshakunja waya wa seng'enge kwa mkono ili mkate kipande? Mara ya kwanza unakunja, hausemi kitu. Ya pili, kimya. Ya sita unapata joto, ya nane umekatika mkononi. Spoki inakunjwa kidogo sana, hata macho hayaoni, lakini inakunjwa mara laki. Huo ndio uchovu wa chuma, na hauanzii katikati ya bomba. Unaanzia pembeni mwa welding, pale pambizoni ambapo moto wako uliishia, penye kajishimo kadogo ulikoona hakana madhara.

Ongezeni na unyevu wa huku ziwani. Bomba lililozibwa vibaya linaingia maji, linaliwa kwa ndani huku nje linang'aa rangi. Ukiligonga kwa nyundo ndogo, zima linalia, lililoliwa linanguruma kama debe. Masikio yenu ni vifaa, yatunzeni, punguzeni hizo spika.

Ufa wenyewe unatafutwaje? Wenye uwezo wana makopo ya dawa nyekundu na nyeupe, na mashine za mawimbi ya sauti. Wasio nacho wana njia waliyoitumia mafundi wa reli wa zamani. Paka mafuta, subiri yazame, pangusa mpaka pakauke, nyunyiza unga wa chokaa au chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanatoka yenyewe, yanachora mstari mweusi. Gharama yake ni mafuta ya taa na chaki mbili za mwalimu.

Msidhani vivutio vinastaafishwa na ufa peke yake. Mimi nilipokuwa shule ya msingi tulipelekwa Kisiwa cha Saanane kwa boti, darasa zima, kila mtu na muwa wake. Kisiwa hicho, kilichobeba jina la Mzee Saanane aliyeishi pale akilima na kuvua, ndicho kilichokuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, tangu 1964. Tulitazama wanyama ndani ya vizimba, tukarudi tunaigiza ngurumo mpaka Kirumba. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, watu wanakwenda kuona mawe, ndege na pimbi wakiwa huru. Hapo aliyesema basi ni wakati wenyewe. Watu walibadilika, na kizimba kilichotufurahisha sisi kikaanza kuonekana kama kizimba.

Na Busisi je? Tumekula samaki wangapi pale Kigongo tukisubiri pantoni, tukinunua karanga tusizozihitaji kwa sababu foleni ndefu? Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3, unapita kwa dakika chache hata hujamaliza kufungua karanga zenyewe. Vivuko havikuwa vimekosa nguvu. Lilikuja jambo bora zaidi, vikaacha njia. Hicho ndicho kifo ninachokitamani kwa kila mashine.

Kuhusu kifo kingine, sisi wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa. Makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996 yako Igoma, mnayapita kila siku mkienda Kisesa. Nisiseme zaidi.

Sasa nakuja kwenye chuma mnachokishika.

Baada ya kuondoka karakana ya meli, bwana mmoja aliniita nimtunzie mabembea yake. Alikuwa ameleta gurudumu la viti vinane kwa lori kutoka Dar, rangi ya njano, taa za kumetameta, watoto wa mtaa mzima walikimbia nyuma ya lori. Nikauliza lina umri gani. "Mzee, hili jipya kabisa." Nikaomba daftari lake: limefanya kazi wapi, nani alilikagua, bolti gani ilibadilishwa lini. Akanitazama kama niliyemwomba cheti cha ubatizo wa mbuzi. Nikakwangua rangi kwa bisu. Chini ya njano kulikuwa na bluu. Chini ya bluu, nyekundu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga hawakuliona gurudumu lile lakini walilijua.

Nikapiga mafuta na chaki kwenye kila kiungo. Spoki ya tano, pale inaposhika kitovu, ukatoka mstari mweusi wa urefu wa kidole. Nikamwita bosi, nikamwonyesha. Akasema, "Fundi, piga welding, Krismasi imefika."

Nikapiga.

Nawaambia hili mimi mwenyewe, asije mwingine akawaambia. Nilijua kwamba ufa unatobolewa kwanza tundu dogo kwenye ncha zake usiendelee, tena unausaga kwa grenda mpaka uishe, ndipo unajaza. Mimi niliufunika. Mtu ana ada za watoto, bosi amesimama pembeni, jua linazama, elektrodi zimebaki nne. Welding ilitoka nzuri sana, ya kupigia picha. Januari nzima gurudumu lilizunguka. Machi nikapiga chaki tena, nikaukuta ufa umesogea, umetokea pembeni mwa welding yangu, mrefu kuliko mwanzo. Safari hii nilikata spoki yote, nikakibeba kipande hicho nyumbani, nikamwambia bosi gurudumu limekwisha, uza kwa kilo.

Aliuza, lakini si kwa kilo.

Mwaka uliofuata nilivuka kwenda msibani, ng'ambo ya ziwa. Kwenye uwanja wa mji mmoja nasikia muziki, naona gurudumu la kijani. Viti vinane. Nikalisogelea. Spoki ya tano ilikuwa bomba nene kuliko wenzake, na kwenye spoki ya sita niliona welding yangu mwenyewe, kiraka kidogo nilichokipiga siku ileile ya Krismasi. Fundi anaijua kazi yake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe gizani. Watoto walikuwa wamejipanga, wameshika noti zao. Nikamfuata kijana wa kuendesha, nikamweleza. Akasema yeye ni kibarua. Nikalipia viti vyote vinane ili vizunguke vitupu. Nikalipia tena. Mara ya tatu hela ya nauli ikaisha, na watoto wakaanza kunizomea, babu gani huyu mchoyo, anapanda na mashetani yake.

Nikaenda ofisi inayohusika. Ofisa alinisikiliza, sitamlaumu, akanipa na kiti. Akaniuliza: una karatasi gani inayoonyesha kwamba gurudumu hili ndilo lile? Limesajiliwa wapi? Ulipolikataa uliandika wapi? Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimesema basi kwa mdomo, na mdomo haukupandishwa kwenye lori pamoja na vyuma. Nilipotoka pale ofisini, kule uwanjani walikuwa wameshaanza kufungua bolti, usiku huohuo likapakiwa.

Ndiyo maana nawaomba daftari. Siku mtakayounda bembea yenu ya kwanza, hata ya viti vinne, hata ya shule ya chekechea, nunueni kaunta buku. Pigeni namba kwa patasi kwenye kitovu, si kwa rangi. Andikeni bomba mlilitoa wapi na unene wake, nani alichomelea kiungo kipi. Andikeni siku za kazi. Na ukurasa wa mwisho, kabla mtoto yeyote hajapanda, andikeni ni baada ya mizunguko mingapi spoki zote zitabadilishwa na baada ya mingapi mashine itakatwa. Andikeni mkiwa bado mnaipenda, hamjazoea fedha zake. Mashine ikiuzwa, daftari liuzwe nayo. Mkiikataa, mwandike mmeikataa, kisha kateni kitovu vipande viwili kwa msumeno ili asitokee mtu wa kukipaka kijani.

Haya, chuma kimerudi. Asante binti. Waliouona ufa wanyooshe mikono. Wengi, vizuri. Wewe wa glovu, njoo utuonyeshe kwa kidole. Pale pembeni mwa welding, sawa. Kuna aliyeuona mahali pengine? Hakuna? Mikono chini.

Nipe hiyo chaki iliyosagwa. Sogeeni, msipulize. Ule mnaouona unatoka pale ndio wenu, mmeupata. Sasa nakigeuza, huku upande wa chini, ambako nyote mlikuwa mmeweka vidole mlipokuwa mnakishika. Subirini kidogo. Mafuta yanakuja.